Masaa Manane Juu ya Rhonda

Kutoka Nairobi hadi Minneapolis ni mbali. Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kusema jambo kwa ufupi namna hiyo, lakini umbali mwingine hauhitaji mtu auongezee chumvi. Umekuja na chumvi yake. Juzi Nekesa, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyezaliwa hukohuko Minneapolis, alifika Nakuru kumwona nyanya yake, na tulipokuwa tukingoja chai nikamuuliza safari ilikuwaje. Akatoa simu, akaigusa mara mbili, akanionyesha: kilomita elfu kumi na tatu na kitu, na mstari mwekundu uliopinda juu ya Afrika, ukapita Ulaya, ukapanda kule kwenye barafu kabla ya kushuka Marekani. Kufumba na kufumbua. Nilicheka mpaka chai ikaletwa, ikanikuta bado nacheka, ikapoa. Maana sisi, kuupata mstari huohuo, tulihitaji darasa zima la watu wazima, uzi mweusi wa kushonea, kiazi kimoja cha Kuresoi, na ukumbi wa kanisa kutoka asubuhi mpaka jioni. Na hata baada ya hayo yote, kuna mahali tulikosea. Lakini sijutii kosa hilo hata kidogo, na mwisho utaona ni kwa nini.

Mwaka huo, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilikuwa kijana wa kupakua magunia ya viazi. Malori yalishuka kutoka Molo asubuhi yakiwa bado na baridi ya huko ndani yake, nasi tuliyapokea kwa mgongo. Na usifikirie gunia la siku hizi. Nasema lumbesa, lile gunia ambalo likijaa mpaka mdomoni linaongezwa kilemba cha nyavu, halafu kilemba kinaongezwa kofia. Ukisema lilikuwa na uzito wa ndama, umemtukana ndama. Nyumbani kwangu kulikuwa Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru, kwenye ploti ya vyumba kumi vinavyotazamana, bomba moja katikati, na kuta za mbao ambazo ziliwekwa kwa heshima tu, kwa sababu hazikuzuia kitu. Chumba changu kilikuwa kidogo hivi kwamba nikiota ndoto ndefu, miguu ya hiyo ndoto ililala nje. Lakini nilikuwa na bahati moja ambayo matajiri wa Milimani hawakuwa nayo: ukuta wangu wa kulia ulikuwa ukuta wa Mama Sabina.

Mama Sabina alikuwa mjane kutoka upande wa Bungoma, mwanamke wa makamo aliyepika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa viwandani, na jioni akawabakishia majirani. Harufu ya vitunguu vyake ilipita ukutani kabla ya yeye mwenyewe kusema hodi. Chapati zake zilikuwa laini kiasi kwamba ungeweza kuvaa moja shingoni wakati wa baridi. Nilikula kwake kila jioni nikiwa nimekaa kwenye mtungi wa maji uliofunikwa, sahani magotini, na katika muda huo wote sikuwahi kumwona yeye amekaa. Alikula amesimama, akigeuza kitu kingine jikoni. Alisali amesimama. Wageni wakija alisimama kuliko kawaida. Nilikuwa naamini hata kulala alikuwa anaegemea tu. "Nikikaa, mwili unaanza kuniuliza maswali," ndivyo alivyokuwa akisema.

Nikimaliza kula nilikwenda shule. Naam, ngumbaru. Ukumbi wa kanisa ulikuwa hatua chache kutoka kwetu, na darasa letu lilikaa kwenye viti vya watoto wa nasari, magoti yakigusana na masikio, watu wazima wenye ndevu na madeni ya hesabu za kugawanya. Mwalimu wetu aliitwa Cheruiyot, mtu wa Kuresoi, aliyefundisha watoto mchana na sisi jioni, na aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa linachemsha mabati. Walimu wengine wakitia mkono mfukoni wanatoa chaki. Yeye alitoa kiazi. Alikuwa na sheria moja tu ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kwa kuwa mvua ikianza watu walikuwa na tabia ya kuchomoka mmojammoja kabla ya somo kuisha, alisema siku ya kwanza, "Hapa kwangu hakuna kusimama mpaka tufunge kwa maombi." Na hata anga ikipasuka, tulikaa. Nitasema ukweli, nilikuwa karibu kuliacha hilo darasa. Sehemu za hesabu zilikuwa zimenishinda, na viti vilikuwa vimenishinda zaidi. Kilichonirudisha ni simu ya Mama Sabina.

Sikuwa nasikiliza. Yeyote aliyekuwa akiishi kati ya Rhonda na Kaptembwo alisikia simu ile, kwa sababu Mama Sabina alipozungumza na binti yake Sabina aliyekuwa Marekani, alitoa sauti ambayo ingefika yenyewe bila msaada wa simu. Sabina alikuwa mjamzito, miezi ya mwisho. Mume wake alikuwa dereva wa trela, anaweza kupotea barabarani wiki mbili nzima. Simu ilikuwa kwenye spika, na sauti ya Sabina ilikuja nyembamba, ikikatika.

"Mama, huku nitajifungua kama nani? Hakuna hata mtu wa kunikorogea uji."

"Nakuja!" Mama Sabina akapaza. "Umenitumia tiketi, si nakuja?"

"Mama, usinidanganye."

"Mtoto wa kwanza azaliwe bila nyanya yake hapo mlangoni, nani atamwambia yeye ni wa akina nani? Nimesema nakuja!"

Simu ikakatwa. Nikasikia sufuria ikisogezwa bila sababu, ikarudishwa mahali pake, ikasogezwa tena. Halafu kwa sauti ndogo ambayo sikujua alikuwa nayo, akajiuliza, "Nitaendaje, jamani?"

Sote pale plotini tulijua alichokuwa akiogopa. Si maji, si urefu wa angani. Ni kukaa. Mwaka uliotangulia alipanda basi kwenda kwao kwa arusi ya mpwa wake, akiwa amevaa gauni jipya na kubeba keki kwenye ndoo. Basi halikuwa limefika mbali. Pale Salgaa, kituo cha malori mengi, moyo ulimwambia ashuke, akasimama katikati ya basi na kupiga kelele, "Shukisha!" Akashuka na ndoo yake, akavuka barabara, akarudi Nakuru na kutugawia keki ya watu. Tulikula tukimpa pole. Ilikuwa keki nzuri sana. Lakini sasa kila mtu alikuwa na wazo moja ambalo hakuna aliyetaka kulisema, mpaka yeye mwenyewe akalisema siku iliyofuata akinipakulia maharagwe, "Shiundu, ndege haina Salgaa."

Jioni hiyo niliinua mkono darasani kwa mara ya kwanza tangu nijiandikishe. Nikauliza, "Mwalimu, kutoka hapa mpaka Minneapolis ni umbali gani, na mtu anakaa masaa mangapi?" Darasa likageuka kunitazama kama vile nimeuliza bei ya mwezi. Njoroge, mwenye bucha ya kona, mtu mkubwa aliyekalia viti viwili vya nasari kwa pamoja, akasema, "Profesa anataka kutuhama."

Mwalimu Cheruiyot hakucheka. Alivuta uzi kutoka kwenye kofia yake, ndiyo, kofia ile ilikuwa pia stoo, akaunyoosha kwenye ramani ya ukutani kutoka Nairobi kwenda Marekani. Uzi ukapita juu ya Kongo, ukaingia baharini, ukatembea bahari nzima. Mimi nikajifanya mjuzi, nikapiga hesabu kwa mwendo wa lori la Molo likiwa na lumbesa likipanda mlima, nikatangaza kwamba Mama Sabina atafika mtoto akiwa ameota meno. Mwalimu akautazama uzi wake kwa muda, akautoa. "Hapana," akasema. "Ramani hii ni chapati. Na dunia si chapati." Akatia mkono mfukoni.

Kiazi kile nakiona mpaka leo. Kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja, ngozi nyekundu, mviringo safi; Kuresoi hawatoi kiazi kama kile kila msimu. Akaweka alama ya kalamu mahali pa Nairobi, akazungusha, akaweka ya Minneapolis kule juu upande wa pili, akavuta uzi mpaka ukakaza. Na uzi wenyewe, bila kuambiwa na mtu, ukakataa kupita baharini. Ukateleza ukapanda juu, ukapita jangwani, ukapita Ulaya, ukaikaribia barafu. Darasa zima lilisimama kuona, kisha likakumbuka sheria na kukaa. Jamani! Kumbe njia fupi ni ile iliyopinda! Nimebeba viazi maisha yangu yote, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuniambia. Kesho yake Mwalimu alipitia saiba mjini, penye kompyuta za intaneti, akarudi na hesabu kamili: kilomita kama elfu kumi na tatu, sawa na kwenda Nairobi mara themanini bila kushuka. Masaa manane mpaka Amsterdam, hapo unabadilisha ndege, halafu masaa tisa mengine. Nikampelekea Mama Sabina habari hiyo kama mtu anayepeleka sahani ya moto, haraka na kwa uangalifu. Akaacha mwiko ndani ya ugali. "Masaa manane nimekaa? Halafu tisa? Shiundu, mimi mahubiri ya saa moja hunikuta nje nikichota maji."

Wazo la ukumbi sitasema lilikuwa langu, ingawa siku nyingi nimesema hivyo. Lilikuwa la Njoroge, na alilisema kwa kunidhihaki. "Kama anaogopa kukaa, si akae hapa kwanza? Viti tuko navyo. Profesa awe rubani." Watu wakacheka. Mwalimu Cheruiyot akatazama viti, akatazama ule mlango mmoja, akatazama dari. "Jumamosi," akasema. "Masaa manane. Nusu ya kwanza."

Jumamosi hiyo Rhonda ilipata uwanja wa ndege. Tulipanga viti vya plastiki vitatu huku, vitatu kule, njia katikati. Mikanda ilikuwa kamba za mpira za kufungia mizigo ya baiskeli. Choo kilikuwa choo cha kanisa, na sheria ilikuwa kwenda na kurudi bila kusalimia mtu. Mwalimu alikaa mbele peke yake, akitazama ukuta, kiazi mkononi. Mimi niliketi kando ya Mama Sabina, naye alipewa dirisha, linalotazama posho mill, kile kinu cha unga cha jirani. Njoroge alikuwa mhudumu. Alikuja amevaa koti lake jeupe la bucha, limefuliwa mpaka likawa linang'aa kuliko malaika, akisukuma wilbaro iliyosuguliwa, ndani yake chupa za chai. Alipita katikati ya viti akiinama kwa kila abiria kwa adabu ambayo wateja wake hawajawahi kuiona. "Chai ama chai?" alikuwa akiuliza. "Chai ama chai?"

"Uko na nyama?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nyama iko business class, mzee. Wewe uko hapa kwa lumbesa."

Mwalimu akatangaza bila kugeuka, "Abiria wa nyuma, funga mkanda. Tunaondoka." Tukaondoka. Sijui nieleze vipi, lakini naapa nilihisi tumbo linabaki chini. Saa ya kwanza ilikuwa kicheko. Watu walijaa madirishani kutoka nje, wakitupungia mkono, na Mama Sabina aliwapungia. Saa ya pili nilimwona anahamisha uzito kutoka paja moja kwenda jingine. Saa ya tatu aliacha kupunga mkono. Mikono yake ilikuwa kwenye mapaja, imeangalia juu, mitupu, na niligundua kwamba sikuwahi kuiona mikono ile bila kitu ndani yake. Ilikuwa kama kuona sufuria imeinjikwa bila moto chini. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Na ilipofika saa ya nne, akasimama, kamba ya mpira kiunoni, kiti kikainuka pamoja naye, akapiga ukelele uliosikika mpaka mjini: "Shukisha!"

Hakuna aliyecheka. Hata madirishani waliacha kucheka. Njoroge alisimama na wilbaro yake kama mtu aliyepigwa picha. Kila mtu mle ndani alijua kwamba akitoka kwenye ule mlango, Sabina atajifungua peke yake. 

Mwalimu Cheruiyot hakugeuka. Akakizungusha kiazi polepole kwa kidole. "Mama Sabina," akasema, kwa sauti ya rubani kabisa, "kwa sasa tuko juu ya Sahara."

"Kuna nini hapo chini?" Mama Sabina akauliza, akiwa bado amesimama, kiti kikimning'inia nyuma.

"Mchanga."

Akainama akachungulia dirishani. Akaitazama posho mill kwa muda mrefu. "Hata mti hakuna?"

"Hata mmoja."

"Hata mtu wa kuuza maji?"

"Hata huyo."

Akapumua. "Basi songa mbele kidogo," akasema, na kiti kikarudi chini.

Lakini niliiona ile mikono bado mitupu, na hapo ndipo mimi nilipotoa mchango wangu pekee katika historia ya usafiri wa anga. Nilipiga kelele kupitia dirishani kwa mwanamke wa posho mill anipe maharagwe, kilo ya nyayo na kilo ya rosekoko, yamechanganywa pamoja kwenye karai. Yakapitishwa. Sijui ndege nyingine iliyowahi kupokea karai kupitia dirisha ikiwa juu ya jangwa. Nikamwekea mapajani, nikamwambia, "Mathe, yametenganishwa vibaya." Vidole viliingia vyenyewe. Nyayo huku, rosekoko kule, mawe chini. Alipomaliza, nilichanganya tena mbele ya macho yake, naye akanitazama kama mtu anayemwona mwendawazimu wa kwao, kisha akaanza upya. Tulipita Misri tukichambua. Tulipita Italia. Karibu na Ujerumani alianza kunieleza, bila kuulizwa, vile uji wa mzazi unavyopikwa: wimbi, si mahindi, siagi kidogo, na mama asimamiwe mpaka aumalize, kwa sababu atasema ameshiba na ni uongo. Alikuwa ameshafika kwa Sabina tayari. Mwili tu ndio ulikuwa njiani.

Ndege ilitua Amsterdam jua likiegemea magharibi. Watu wa madirishani walipiga makofi. Sisi wa ndani tulikuwa na miguu ya mbao, na wawili watatu wakaanza kufungua mikanda. "Kaeni," Mwalimu akasema. "Hakuna kusimama mpaka tufunge kwa maombi. Mama Sabina, tufungie." Naye akafunga, amekaa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, nafikiri, maombi marefu kama njia yenyewe, yakaanzia kwa Adamu na kumtaja kila mmoja wetu pamoja na wilbaro. Tukasema amina. Hapo ndipo tuliposimama. Halafu akaingia jikoni, na kwa kuwa watu walikuwa wengi na viazi havikutosha, dunia yenyewe ikamenywa. Tuliila na kabichi. Njoroge alipata upande wa Marekani, akasema una chumvi kidogo. Nusu ya pili ya safari hatukuifanya, kwa sababu Jumapili ukumbi ulikuwa na wenyewe. "Ni kama ile ya kwanza," Mwalimu akamwambia. "Ukifika pale kati, fuata mishale."

Aliondoka wiki iliyofuata akiwa na mfuko wa maharagwe yaliyochanganywa. Jioni ya kufika kwake, ambayo kule ilikuwa mchana, darasa halikusoma kitu. Mwalimu alikuwa na kiazi kipya, kidogo, kisicho na sura nzuri, akikizungusha. Tulimfuata kwa uzi. Simu yangu ililia ukumbini, nikaiweka kwenye spika ili nisirudie maneno. Alikuwa Sabina, na alikuwa analia.

"Shiundu, Mama hajatoka. Watu wote wa ndege hiyo wametoka. Nimesimama hapa mpaka miguu imevimba. Alipanda kweli? Ama alishuka njiani?"

Njoroge akafunga macho. "Ameshuka Salgaa," akasema, na hakuwa anadhihaki. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza kifo. Mwalimu alivua kofia. Hapo ndipo niliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na upara. Nikamwambia Sabina asubiri, asitoke hapo, nikasema maneno mengi, yote bure. Simu ikakatika. Tukakaa. Hakuna aliyewasha jiko la chai, hakuna aliyeuliza hesabu. Niliwaza zile chapati, nikawaza yule mtoto anayekuja kwenye mlango usio na mtu. Naweza kukuambia tulingoja mwaka mzima, na ungeniamini kama ungekuwepo.

Simu ilipolia tena, sikuhitaji spika.

"SHIUNDU! Hawa watu hawafungi kwa maombi!"

Ukumbi ulilipuka. Njoroge alivunja kiti kimojawapo kati ya viwili vyake. Tulipotulia, Mama Sabina akatueleza yote kwa pumzi moja. Kwamba ndege ilipotua Amsterdam, watu walisimama wote mara moja kama kuku walioona mwewe, wakivuta mizigo, hakuna hata aliyeinamisha kichwa. Yeye akasema moyoni, hawa wamekosa adabu, lakini rubani ataomba tu. Akangoja. Ndege ikabaki tupu. Wakaja watu wa kufagia. Akaja msichana mhudumu, mrefu, akamuuliza kitu. "Nikamwonyesha mikono hivi," akasema, nasi tulimwona kabisa ingawa alikuwa Marekani. Msichana yule alimtazama, akakaa kwenye kiti cha mbele yake, akainamisha kichwa. Mama Sabina akafunga, kwa Kibukusu, na watu wa kufagia wakazima mashine zao. Halafu yule msichana akamshika mkono mpaka kwenye ndege ya pili; mishale hata hakuiona. "Na hapa Minneapolis nimefunga tena, ndiyo sababu nimechelewa, na huyu Sabina ananililia kama nimekufa! Na maharagwe wameninyang'anya mlangoni, Shiundu. Yote mawili, nyayo na rosekoko. Nilikuwa nimemaliza kuyachambua."

Mwalimu Cheruiyot alikuwa akicheka na machozi yakimtoka. "Kosa ni langu," akasema, akirudisha kofia kichwani. "Nilisahau kumwambia kwamba hiyo sheria ni ya Rhonda."

Sikuacha darasa tena. Cheti changu kinaning'inia sebuleni kwangu juu ya televisheni, na wageni wote hukitazama, watake wasitake. Mama Sabina alikaa kule miezi sita, akarudi, na tangu hapo ameipanda ile ndege mara nyingi hivi kwamba anaizungumzia kama mtu anayeenda Molo kuona shamba. Siku hizi amekubali kukaa; ana kiti chake pale mlangoni, na karai. Mwalimu amelala Kuresoi, kwenye shamba lake mwenyewe, viazi pande zote. Nilikuwepo tulipomsindikiza, na nilitia kiazi kidogo mfukoni mwangu, sijui kwa nini.

Basi juzi tulikuwa mezani kwa Mama Sabina, mimi, Njoroge ambaye ameongezeka kiti cha tatu, na huyu Nekesa, aliyepewa jina la nyanya yake siku ileile aliyozaliwa, nyanya akiwa amesimama hapo mlangoni kama alivyoahidi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusafiri peke yake. Kiswahili chake ni cha ajabu: alijifunza kwa simu kutoka kwa bibi huyu, kwa hiyo anakisema kwa sauti ya juu, Kiswahili cha Rhonda ya miaka ishirini iliyopita, kikiwa na pua ya Kimarekani. Alikuwa akila chapati ya tatu.

"Lakini hapo Nairobi nilikuwa nimewatisha," akasema. "Ndege imetua, watu wote wametoka, mhudumu akafikiria niko mgonjwa. Nikamwambia, hapana, bado sijafunga."

Njoroge aliacha kutafuna. "Kufunga nini, mami?"

"Kufunga na maombi. Mimi na Mom hufunga kila mara, tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nafikiria ni sheria ya ndege zote." Akacheka. "Nilikuwa na miaka kumi hivi ndio nikaona kumbe ni sisi tu."

Nikamtazama Njoroge, Njoroge akanitazama, na nikajua sote wawili tulikuwa tunaona kofia ya sufu. Mama Sabina hakuinua macho kutoka kwenye karai lake. "Kwani hao wengine wanafunga na nini?" akauliza.

Chakula kikaisha. Nje, jioni ilikuwa imeanza kunukia mkaa, na Njoroge, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumpangia muda tangu alipozaliwa, akakumbuka bucha yake, akaweka mikono mezani, akaanza kuinuka.

"Uncle," Nekesa akasema, "bado hatujafunga."

Njoroge akakaa.